Unyoya wa Kasuku Ukivunjika: Lipi la Kufanya, Lipi la Kuacha

Haipiti wiki sijaulizwa: "Kasuku wangu amevunjika unyoya, niung'oe?" Wa pili anataka kujua mkia uliochakaa kama ufagio wa zamani utaota lini. Wa tatu huuliza usiku, kwa maneno ya haraka yasiyo na nukta wala mkato: bawa linatoka damu nifanye nini. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na bila shaka nao wamechoka kunisubiri, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Kama ndege wako anatoka damu hivi sasa, nenda moja kwa moja hatua ya 2 na ya 3. Haya mengine utayasoma akishatulia.

Jambo la kuelewa kabla ya kumgusa

Unyoya uliokomaa ni kitu kilichokufa, kama ukucha wako pale unapoukata. Hauna damu ndani, hauumi ukikatwa, na ukivunjika haurefuki tena. Utabaki hivyo hivyo hadi siku kasuku atakapoupukutisha na mwingine kuota mahali pake.

Unyoya unaoota ni hai. Umefunikwa na ala nyembamba kama mrija, na ndani ya ala kuna damu inayoulisha. Wafugaji huuita unyoya wa damu. Ukikatika, unavuja. Kadiri unavyokomaa, damu hurudi nyuma kuelekea ngozini, shina linabaki tupu, na ala inabanduka vipande vidogo vyeupe ambavyo mgeni wa kasuku hudhani ni mba.

Nadharia imeishia hapo. Kabla hujauliza "niung'oe?", jua kwanza ulionao ni upi kati ya hiyo miwili.

Vitu vya kuwa navyo

Viweke kwenye boksi moja leo, ndege akiwa mzima. Ukianza kutafuta shashi huku damu inadondoka, umeshachelewa.

- Taulo dogo lisilo na nyuzi ndefu zinazoweza kunasa kucha.
- Shashi safi, vipande kadhaa. Usitumie pamba: nyuzi zake hugandamana na damu, na ukiitoa unaibua damu upya.
- Unga laini wa wanga wa mahindi. Ukikosa, hata unga wa ngano.
- Poda ya kukausha damu, ile inayotumika kwenye kucha. Hii ni ya ukucha uliokatwa sana au ncha ya shina lililovunjika, basi. Isiguse ngozi wala kishimo unyoya unakotokea, kwa maana inaunguza.
- Mkasi mdogo mkali wenye ncha butu.
- Tochi.
- Mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja.
- Boksi au tundu dogo la kusafiria.
- Namba ya daktari wa wanyama aliyezoea ndege, imeandikwa mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaiona. Mpigie kabla ya siku ya dharura umuulize kama anawatibu kasuku. Wapo madaktari wazuri sana wa ng'ombe na mbwa ambao hawajawahi kumshika kasuku.
- Mtu wa pili wa kukusaidia, asiye na haraka.

Utaona sikutaja koleo. Nimeiacha makusudi, na sababu utaikuta hatua ya 3.

Hatua

1. Mtazame akiwa bado ndani ya tundu.

Dakika tano za kutazama zitakuokoa na mambo mengi. Bawa linaning'inia chini kuliko jingine? Basi tatizo huenda ni mfupa, na unyoya ni dogo. Amejituna manyoya, kafumba macho, kakaa chini sakafuni mwa tundu? Huyo ni mgonjwa au amepoteza damu nyingi. Mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi? Anahema kwa shida. Usimshike kwa ajili ya unyoya tu, mwite daktari.

Kama anakula, anapiga kelele zake za kila siku na anakutazama kwa dharau kama kawaida, una muda. Usikimbie.

2. Mshike bila kumbana kifua.

Hapa ndipo watu wanapoua ndege kwa upendo. Kasuku hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Ili avute hewa, ni lazima kidari chake kiweze kusogea mbele na nyuma. Ukimkumbatia kifua kwa nguvu, hata kwa nia njema, anakosa pumzi huku wewe unadhani ametulia.

Zima feni, funga milango na madirisha, punguza mwanga. Mwendee kwa taulo ukimwonyesha kwanza, usimrukie kwa nyuma. Mfunike, kisha shika kichwa kwa kuweka kidole gumba upande mmoja wa taya na kidole cha kati upande wa pili, chini kidogo ya macho, ili mdomo usikufikie. Mkono wa pili unazuia mabawa na miguu kupitia taulo. Kifua kibaki huru. Ukitazama kwa karibu utakiona kinapanda na kushuka, kisipoonekana, legeza.

Mwenzako ndiye anayefunua bawa. Alishike kwa kuukamata mfupa wa mbele, asivute manyoya. Kazi yote isizidi dakika chache. Akianza kuhema mdomo wazi, mrudishe, mpumzike wote wawili, mjaribu tena baadaye.

3. Kama kuna damu, ikomeshe. Usianze kung'oa.

Chukua shashi, bana ncha ya shina lililovunjika kati ya vidole viwili, na ushikilie kwa dakika tatu hadi tano ukitazama saa. Usichungulie. Kila ukichungulia unabandua kile kilichokuwa kinaganda. Damu ikipungua, bandika unga wa wanga pale kwenye ncha, bana tena dakika mbili. Kama damu inatoka kwenye ngozi pale unyoya unapoingilia, kandamiza shashi tu.

Ikikoma, mweke kwenye boksi lenye mwanga hafifu na joto, na umwache saa nzima. Usimwoshe damu iliyoganda. Usimpapase. Akipiga mabawa mara moja tu, kazi inaanza upya.

Sasa hesabu ya damu, maana ukuta uliotapakaa matone unatisha hata moyo mgumu. Ndege ana damu takriban mililita 10 kwa kila gramu 100 za uzito, na aliye mzima huhimili kupoteza sehemu moja ya kumi ya hiyo. Kasuku wa kijivu wa gramu 450 anaweza kupoteza kama mililita 4 na nusu, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, akabaki salama. Badji wa gramu 35, ambaye ni kasuku pia ingawa ni mdogo, kipimo chake ni kama matone 7 tu. Kwa hiyo mwenye badji asingoje kuona kama damu itakoma yenyewe.

Ikiwa dakika 10 zimepita na bado inavuja, nenda kwa daktari huku mwenzako akiendelea kubana.

Sasa kuhusu kung'oa. Zamani ushauri ulikuwa mmoja kila mahali: unyoya wa damu ukivunjika, ng'oa. Mimi niliufuata. Nilikuwa na kasuku wa kijivu mchanga, akavunja unyoya wa pili kutoka nje kwenye bawa la kushoto, nikachukua koleo nikauvuta kama nilivyoambiwa. Sauti aliyoitoa sijaisahau. Damu ilikoma, ni kweli, ila ile ya kwanza ilikuwa imeshaanza kukoma yenyewe. Unyoya ulioota baadaye ulitoka umejikunja kama kona ya daftari la mtoto, na tangu hapo kila akipukutisha, unarudi vile vile. Nilijeruhi kishimo, na kishimo kikishajeruhiwa hakina kiraka.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Manyoya marefu ya bawa yameshikamana na mfupa wenyewe. Ukivuta bila kuutegemeza, au ukavuta kwa pembe isiyo yake, unaweza kuuvunja. Daktari hung'oa pale tu damu inapokataa kukoma. Anautegemeza mfupa, anampa ndege dawa ya maumivu, na anavuta kufuata mwelekeo unyoya ulivyoota. Ukiwa mbali sana na daktari na damu haikomi, mpigie simu akuongoze hatua kwa hatua ukiwa umemshika ndege. Usibahatishe peke yako.

4. Tambua unyoya ni wa aina gani.

Damu haipo, au imekoma. Washa tochi, iweke nyuma ya shina, tazama sehemu ya chini kabisa iliyo karibu na ngozi. Shina la unyoya hai huwa nene kuliko la jirani yake, laini kidogo, na lina rangi ya zambarau au bluu nzito kama wino. Shina lililokomaa hupitisha mwanga, jeupe au la rangi ya maji maji, gumu kama kijiti.

Kosa la kawaida: kutazama sehemu ya juu. Kasuku mwenye manyoya meusi au ya kijivu iliyokolea huwa na shina jeusi huko juu hata likiwa limekufa kitambo. Chini ndiko kunakosema kweli.

Ukibaki na shaka, lichukulie kuwa ni hai na uliache.

5. Unyoya uliokomaa uliovunjika: mara nyingi uache.

Kama umekatika safi na haumsumbui, huna kazi hapo. Kata tu pale ambapo shina limepasuka likabaki na vijibanzi vinavyochoma ngozi, au kipande kinaning'inia na kasuku anakivuta kutwa. Kata chini kidogo ya mpasuko kwa mkasi mkali, mara moja, bila kutafunatafuna. Acha shina refu kadiri inavyowezekana. Kwa kasuku wa wastani lisiwe fupi kuliko upana wa kidole kutoka ngozini. Mpasuko ukiwa chini ya hapo, mwachie daktari.

Usikate la upande wa pili "ili walingane". Ndege aliyepoteza unyoya mmoja au miwili anajirekebisha mwenyewe ndani ya siku chache. Ukimpunguzia na upande mzima, umemwongezea hasara.

6. Uliopinda bila kuvunjika unaweza kunyooka.

Hii hupendeza kuifanya, na watu wengi hawaijui. Unyoya umeumbwa kwa keratini, kitu kile kile cha nywele na kucha, na keratini hulegea ikipata joto na unyevu. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, kamua, kisha kizungushe kwenye sehemu iliyopinda kwa nusu dakika. Unyooshe kwa vidole taratibu kutoka chini kwenda juu, shikilia hadi upoe. Rudia mara mbili tatu. Mkia wa kasuku aliyesafirishwa kwenye boksi fupi hurudi ukapendeza kwa njia hii.

Usimpeleke kwenye mvuke wa birika. Mvuke humuunguza kabla hujaona.

7. Badilisha tundu lake siku hiyo hiyo.

Kasuku aliyepoteza manyoya ya bawa au mkia huanguka kama jiwe, na anapoanguka huvunja na yale mapya. Shusha vijiti vya kusimamia viwe karibu na sakafu. Tandika taulo chini. Ondoa vitu vyenye kona kali katikati ya njia.

Kisha pima tundu lenyewe. Akifungua mabawa yote mawili, yasiguse ukuta. Akisimama kwenye kijiti chochote, mkia usifike sakafuni wala usisugue nondo. Mkia uliochakaa nchani tu, manyoya yote 12 yakiwa yamechanika sawasawa, karibu kila mara umeharibiwa na tundu. Unaweza kununua kila dawa ya manyoya duniani. Bila kusogeza kijiti hicho, hakuna kitakachobadilika.

8. Tafuta mwenye kosa.

Tazama kichwa. Kasuku hawezi kufikia kichwa chake kwa mdomo. Kwa hiyo kama kifua, mapaja na mabawa yameharibika lakini kichwa kimetimia kama cha bwana harusi, anajinyonyoa mwenyewe. Kichwa nacho kikiwa kimeharibika, mtafute mwenzake wa tundu, maana wapo wanaotafunana manyoya wakidhani wanapendana. Kama anaishi peke yake, fikiria ugonjwa.

Halafu shika unyoya mmoja ulioanguka, uinue kwenye mwanga. Ukiona mistari myembamba inayoukata kwa upana, kama mkunjo wa karatasi, hiyo ni alama ya siku ambazo mwili haukuwa na cha kutosha wakati unyoya unaota: njaa, ugonjwa, hofu kubwa, au dawa fulani. Hapo ndipo unyoya hukatikia baadaye. Mstari mmoja kwenye unyoya mmoja usikunyime usingizi. Manyoya mengi yenye mstari mahali pale pale yanakueleza kwamba kuna wiki fulani jambo lilitokea, na mara nyingi ukikumbuka vizuri utalijua.

Kokatieli, wale kasuku wadogo wenye kishungi, wana tabia yao peke yao: hushtuka gizani, wakapiga mabawa tunduni kama waliopagawa, asubuhi unakuta damu ukutani. Taa ndogo ya usiku hupunguza sana jambo hili. Kufunika tundu lote gizani kabisa, kwa ndege wa namna hiyo, mara nyingi huongeza.

Na kuna kukata mabawa, yaani kupunguza manyoya marefu ya bawa ili ndege asiruke. Sitaingia kwenye ubishi wa kama inafaa au haifai, nitasema linalohusu manyoya tu. Unyoya wa damu unaoota kati ya majirani wazima huwa umekingwa huku na huku. Ukiota kati ya vishina vilivyokatwa, unasimama peke yake, na ndiye wa kwanza kugonga kila kitu. Unavunjika, unaota, unavunjika tena. Mzunguko huo nimeuona ukiendelea zaidi ya mwaka. Ukiwa ndani yake, usikate tena hadi bawa zima lirudi.

9. Mpe mwili wake mahitaji ya kuota manyoya, kisha ngoja.

Unyoya ni protini karibu mtupu, na kasuku anayekula mbegu tupu, hasa za alizeti, hupungukiwa vitamini A na kalisi. Msogeze polepole kwenye chakula cha vidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya kasuku, pamoja na mboga za majani mabichi na mboga za rangi ya chungwa kama karoti. Polepole maana yake ni wiki nyingi, ukimpima uzito kila asubuhi kabla hajala. Kasuku ana kiburi cha kutosha kufa njaa mbele ya bakuli lililojaa chakula asichokitambua. Parachichi usimpe kabisa. Ni sumu kwake.

Matone ya vitamini ya kutia kwenye maji siyapendi. Hujui amekunywa kiasi gani, maji yanaharibika haraka, na vitamini A ikizidi nayo inadhuru.

Mnyunyizie maji matupu ya uvuguvugu mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, ili akauke kabla ya usiku. Bila sabuni. Bila mafuta ya aina yoyote, na hapa nasisitiza kwa sababu kila mtu ana shangazi anayeshauri mafuta. Mafuta hugandisha manyoya, ndege anapoteza joto, kisha anajilamba na kuyameza. Kasuku wa Amazoni hawana hata ile tezi ya mafuta juu ya mkia waliyo nayo ndege wengine, na manyoya yao yanang'aa vizuri tu.

Alale saa 10 hadi 12 mahali pa giza na kimya. Baada ya hapo ni kusubiri. Kasuku wengi hupukutisha manyoya kidogo kidogo, na mzunguko mzima huchukua mwaka hivi, wakati mwingine zaidi kwa wakubwa. Unyoya ulioanguka wenyewe hurudishwa ndani ya wiki kadhaa, ila kipande kilichovunjika hungoja zamu yake.

Kupandikiza unyoya

Wapo wanaouliza kama unyoya unaweza kuungwa. Unaweza, na wafugaji wa ndege wa kuwindia wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Shina lililovunjika lina uwazi ndani. Kijiti chembamba cha mwanzi kinaingizwa nusu humo, nusu nyingine inaingia kwenye shina la unyoya mwingine ulioanguka, na gundi kidogo inashikilia. Unyoya unaopandikizwa sharti utoke kwa ndege wa aina ile ile, bawa lile lile, nafasi ile ile. Bora zaidi ni wake mwenyewe wa mwaka jana.

Ni kazi ya daktari, kwa kawaida ndege akiwa amelazwa kwa dawa, na haimfai anayejinyonyoa kwa sababu ataung'oa siku hiyo hiyo. Kwako wewe kuna jambo moja tu la kufanya: yale manyoya marefu ya bawa na mkia yanayoanguka yakiwa mazima, yahifadhi kwenye bahasha ya karatasi, andika kushoto au kulia na ni la ngapi kutoka nje. Manyoya makuu ya nje ya bawa ni 10 kila upande, kwa hiyo kuhesabu si kazi.

Mambo yakienda kombo

*Damu ilikoma, kesho yake imerudi.* Kipande cha unyoya bado kinagonga mahali, au anakitafuna. Bana tena kama hatua ya 3, shusha vijiti zaidi. Ikirudi mara ya tatu, unyoya huo unahitaji kutolewa na daktari.

*Kuna uvimbe mgumu mahali ambapo unyoya haukuota.* Huenda unyoya unaota kwa ndani, umejikunja chini ya ngozi. Usiukamue kama chunusi. Hutolewa kwa upasuaji.

*Kichwani kuna vijiti vyeupe vingi kama miiba.* Hayo ni manyoya mapya yaliyokwisha kukomaa ndani ya ala, na hana mwenzake wa kumsaidia kuzitoa. Baada ya kumnyunyizia maji, sugua moja moja kati ya vidole, ala itavunjika kuwa unga. Acha zile zenye weusi chini. Bado zina damu, na atakuuma kwa haki.

*Manyoya mapya yanaota mafupi, yamebanwa chini kama yamefungwa uzi, ala haibanduki, na ndani ya shina kuna damu iliyoganda.* Usingoje. Kuna ugonjwa wa virusi wa mdomo na manyoya ya kasuku unaojitokeza hivi, mara nyingi pande zote mbili za mwili kwa pamoja. Dalili nyingine kwa kasuku wa kijivu na kokatuu (kasuku wakubwa wenye kishungi) ni mdomo kung'aa kuliko kawaida, kwa sababu ule unga wa manyoya unaoupaka mdomo umepungua. Hauna tiba ya kuufuta, lakini kipimo cha damu kipo. Mtenge na ndege wengine hadi majibu yatoke, na nawa mikono na ubadilishe nguo kabla ya kwenda kwa hao wengine, maana virusi hivyo hudumu muda mrefu kwenye vumbi.

*Nimempulizia dawa ya utitiri lakini bado anajikuna.* Utitiri kwa kasuku wa ndani ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Acha kumpulizia, mapafu yake hayawezi hizo dawa. Anayejikuna na kujinyonyoa anahitaji kuchunguzwa kuanzia ini hadi upweke, na wakati mwingine ni hewa kavu tu.

*Nimvalishe kola ili asifikie manyoya?* Kola inazuia mdomo, haizuii sababu. Daktari huivalisha kwa muda kukiwa na kidonda. Ukiinunua mwenyewe na kumvisha, unaweza kukuta asubuhi hajala wala hajanywa.

*Ameacha kuruka hata baada ya manyoya kurudi.* Anaogopa, na misuli imelegea. Weka kijiti kimoja hatua moja kutoka kwako, mwite kwa kitu anachokipenda, kesho hatua mbili. Usimrushe hewani "akumbuke".

*Ameokota unyoya wake ulioanguka na hataki kuuachia.* Kama si wa kutia kwenye bahasha, mwachie. Wangu huushika kwa mguu wa kushoto, akaugeuza hadi upande wa shina uwe juu, kisha akajikuna kisogo nao macho yamefumba.